Mkono wa mtoto mwenye Duchenne: MRI, ultrasaundi, au kikombe cha chai?

Mama mmoja aliwahi kunimwagia mezani bahasha nzima ya picha za MRI za mwanawe, akauliza jambo moja tu: "Daktari, hapa panasema atakula kwa mkono wake mpaka lini?" Mimi si daktari, ni mtu wa mazoezi ya viungo, lakini nimeshazoea kuitwa hivyo. Kijana alikuwa na miaka 13 na alikuwa ameacha kutembea mwaka uliotangulia. Picha zilikuwa safi, zimepigwa kwa ustadi, na zimelipiwa kwa mkopo wa vikoba. Kasoro ilikuwa moja: zilikuwa picha za mapaja.

Sikuwalaumu waliompeleka. Kwa miaka mingi utafiti wa Duchenne, ugonjwa wa jeni unaomaliza misuli ya mtoto kidogo kidogo, ulitazama miguu. Dawa zilijaribiwa kwa watoto ambao bado wanatembea, na kipimo kikubwa kilikuwa ni mita ngapi mtoto anatembea ndani ya dakika 6. Aliyekwisha kukaa kwenye kiti cha magurudumu aliachwa nje ya majaribio. Picha nazo zikafuata miguu, na msuli wa upande wa nje wa paja ukachunguzwa kuliko karibu msuli mwingine wowote. Mkono ulikumbukwa baadaye, wakati kwa kijana asiyetembea mkono ndio kila kitu: kumega tonge, kushika simu, kufukuza nzi usoni.

Tangu siku ile nimeulizwa na wazazi wengi, kila mmoja kwa namna yake, walipie kipi: MRI ya mjini, ultrasaundi ya hospitali iliyo jirani, au kama "vile vikombe na sarafu zako" vinatosha. Nitaviweka vipimo hivi kimoja kando ya kingine. Niseme mapema kwamba nina upande, na nitaonyesha ni upande gani.

Mkono unavyoondoka

Duchenne, hutamkwa karibu na "dushen", ni jina la daktari Mfaransa Guillaume Duchenne aliyeueleza ugonjwa huu katika miaka ya 1860. Chanzo ni hitilafu kwenye jeni ya distrofini iliyoko katika kromosomu X. Ndiyo maana wagonjwa karibu wote ni wavulana, na mara nyingi, ingawa si kila mara, hitilafu imepitia kwa mama ambaye mwenyewe hana dalili. Kazi ya distrofini ni kuukinga utando wa seli ya msuli pale msuli unapojikunja. Isipokuwepo, utando huchanika kidogo kidogo kila siku. Mwili unaziba, unaziba tena, mwisho unashindwa, na palipokuwa na nyama panajaa mafuta na kovu. Huko kugeuka kwa nyama kuwa mafuta na kovu ndiko MRI na ultrasaundi zinakokutafuta.

Miguu hutangulia. Kwenye mkono ugonjwa hushuka kutoka juu: bega kwanza, kisha kiwiko, mwisho kifundo na vidole. Mama mmoja aliligundua bega la mwanawe kwenye sala. Wakati wa takbira mikono haikufika tena masikioni, na mtoto alikuwa akiiinamia kwa kichwa ili isionekane. Walimu nao wangegundua mapema kama wangejua pa kutazama, maana mtoto anayelijua jibu anaacha kunyoosha mkono. Zamu ya kiwiko ikifika, mtoto anaegemeza mkono ukingoni mwa meza na kuushusha mdomo kulifuata tonge. Vidole hubaki miaka mingi baada ya hapo, na hivyo kijana asiyeweza kujikuna pua bado anaendesha kiti cha umeme kwa kijiti chake, na kwenye gemu ya simu anakushinda.

Ukizijua ngazi hizo tatu, bega, kiwiko na vidole, itakuwa rahisi kuona kila kipimo kinafaa wapi na kinapofuka wapi.

Kikombe na sarafu

Kipimo cha utendaji wa mkono kinachotumika sana kwa watoto hawa kinaitwa PUL. Toleo lake la 2.0 lina alama 42: bega 12, kiwiko 17, kifundo na vidole 13. Mtoto anainua vitu vya uzito mbalimbali, anapeleka kikombe mdomoni, anaokota sarafu, anachana karatasi. Kabla ya yote kuna zoezi la mlangoni ambalo linaamua kama majaribio ya bega yafanyike au yarukwe, ili mtoto aliyekwisha kupoteza bega asiaibishwe kwa mambo asiyoyaweza. Toleo hili pia halimwadhibu mtu kwa ujanja wake. Akipinda mgongo na kuegemea ili kikombe kifike, kikifika kimefika. Naona ni haki, kwa sababu na nyumbani ndivyo anavyokunywa chai.

Kwa asiye na vifaa vya PUL kuna kipimo cha Brooke chenye hatua 6. Hatua ya 1 ni anayeinua mikono yote miwili kutoka ubavuni mpaka juu ya kichwa, na hatua ya 6 ni ambaye mkono hauna tena kazi yoyote. Unahitaji dakika moja na macho yako tu. Kinafaa kwa siku ya kwanza. Kwa kufuatilia ni butu mno, kwani kijana anaweza kukaa hatua ileile muda mrefu huku mengi yakimponyoka.

Tunapima mara moja kila miezi 6. Uzuri wa kipimo cha vitendo ni kwamba kinajibu swali ambalo familia inaliishi. Kasoro zake ninazijua kwa sababu ndizo ninazopambana nazo. Mtoto aliyelala vibaya hupata alama pungufu, na aliyenuniana na mama yake garini hupata pungufu zaidi. Kasoro kubwa kuliko hizo ni akiba ya msuli. Mtoto wa miaka 7 anayetembea anaweza kupata karibu alama zote 42 huku misuli ya bega lake ikiwa imeanza kuliwa kimyakimya. Alama hazishuki mpaka akiba iishe, na zikianza kushuka ni kama mtungi wa gesi, hukupa onyo wakati chakula tayari kiko jikoni.

Hata hivyo usimruhusu mtu akwambie kwamba vikombe ni kipimo cha maskini. Jaribio la HOPE-2 la tiba ya seli iitwayo CAP-1002, lililochapishwa mwaka 2022, lilichukua alama za kiwiko za PUL, kwa toleo la 1.2 la wakati ule, kuwa kipimo chake kikuu.

MRI inaona mbali, na inadai mengi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo pesa nyingi zinapopotelea.

MRI haina mionzi. Ni sumaku kubwa inayosikiliza hidrojeni ya mwilini, na hidrojeni ya maji haitetemi kwa kasi sawa na ya mafuta. Tofauti ni ndogo sana, kama sehemu 3.5 kwa milioni, lakini mashine inaweza kuikamata. Mbinu inayotumia tofauti hiyo kutenganisha maji na mafuta inaitwa Dixon, kwa jina la mtafiti aliyeieleza mwaka 1984. Ukipiga mkono kwa mbinu hii, kila nukta ya picha inakuja na asilimia yake ya mafuta. Mtaalamu anachora mstari kuzunguka baisepsi, msuli wa mbele wa mkono wa juu unaokunja kiwiko, kompyuta inamtolea namba. Msuli wenye afya una asilimia chache tu za mafuta, na msuli uliokwisha unaweza kupita nusu.

Namba hiyo haijui kununa. Haijali mtoto amelala saa ngapi. Inasogea hata katika kipindi ambacho alama za vikombe zimetulia, na hilo ndilo linalowavutia watafiti wa dawa. MRI inaweza pia kupima kitu kingine kiitwacho T2, ambacho hupanda msuli ukiwa na uvimbe na majeraha mapya. Kinaonyesha moto, wakati mafuta yanaonyesha majivu.

Je, inatabiri? Lile swali la mama wa mapaja lilikwisha kuulizwa Leiden, Uholanzi. Watafiti wa huko walichapisha mwaka 2021 matokeo yanayohusu misuli inayokunja kiwiko kwa watu wenye Duchenne: mafuta yakiwa mengi kwenye misuli hiyo, uwezo wa mkono kufika mdomoni hupotea mapema, hata ukilinganisha watu wa umri uleule. Kundi lilikuwa dogo, lakini ndilo jibu lililo karibu zaidi na swali lake ninalolijua. Na ni jibu la nusu. Linakwambia nani yuko mbele ya nani kwenye foleni, wala halikupi tarehe ya mtoto mmoja.

Sasa upande wa madai. Paja likiingia kwenye tundu la sumaku linakaa katikati, mahali picha inapotoka vizuri. Mkono unakaa ukingoni, ambako picha huanza kupotoka na mashine inaweza hata kuchanganya maji na mafuta. Mtu mzima wa afya angeambiwa alale kifudifudi na kunyoosha mkono mbele ya kichwa. Mwambie hivyo kijana ambaye bega halipandi, kiwiko kimekaza katika mkunjo na mgongo umepinda! Kulala chali tu, gorofa, kunambana pumzi, na kama usiku anatumia mashine ya kupumulia, dakika 30 mpaka 60 ndani ya tundu lile si mchezo. Pumzi nayo hulitikisa bega, picha zikatoka na ukungu. Aliyewekewa vyuma vya mgongo lazima aseme kabla ya kuingia, na karatasi za upasuaji ziletwe ili ijulikane ni chuma cha aina gani.

Kuna hatari nyingine ambayo naomba isomwe mara mbili. Mtoto mdogo asipotulia, huenda ukaambiwa apewe nusukaputi ili picha zitoke. Kwa Duchenne, dawa ya kulegeza misuli iitwayo suxamethonium ni marufuku, na gesi za usingizi zinaepukwa, kwa sababu zinaweza kuvunja msuli ghafla, potasiamu ikapanda kwenye damu na moyo ukasimama. Zipo njia salama zaidi, mikononi mwa mtaalamu wa usingizi anayeujua ugonjwa. Lakini kumlaza mtoto kwa ajili ya picha ya mkono peke yake? Sijaona bado sababu ya kutosha.

La mwisho ni ripoti. MRI nyingi za kisasa zina Dixon ndani yake. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa na kuchora msuli mmoja mmoja na kutoa asilimia. Usipouliza mapema, utalipa laki kadhaa upewe sentensi moja: "Misuli imeingiliwa na mafuta." Hilo ulilijua kabla hujapanda basi. Kwa hiyo piga simu kwanza. Uliza: mtapiga mkono wa juu au bega? Mtatumia Dixon? Nitapewa asilimia ya mafuta kwa kila msuli? Na nikirudi mwaka kesho, mtaweza kupiga vilevile? Ukipata "hapana" mbili, hifadhi fedha yako.

Ultrasaundi: iko jirani, lakini ina kiburi chake

Ultrasaundi huchora picha kwa mwangwi wa sauti. Kwenye picha hiyo msuli wenye afya ni mweusi, una michirizi myembamba myeupe, na chini yake mfupa wa mkono unang'aa kama ukingo wa sinia. Ugonjwa ukiingia, mafuta na kovu hutengeneza mipaka mingi midogo, kila mpaka unarudisha sauti, na msuli unakuwa mweupe kama dirisha lenye vumbi. Mwaka 1982 John Heckmatt na wenzake wa hospitali ya Hammersmith, London, waliliweka hilo katika ngazi nne ambazo bado tunazitumia. Ya kwanza ni msuli wa kawaida. Ya pili, umekuwa mweupe kiasi lakini mfupa unaonekana wazi. Ya tatu, weupe umezidi na mfupa umefifia. Ya nne, msuli ni mweupe pe na mfupa umezama kabisa. Mtu yeyote anaweza kufundishwa ngazi hizo, na wazazi wanazielewa upesi: tazama mfupa.

Kwa mtoto, hiki ndicho kipimo chenye huruma. Anabaki kwenye kiti chake au mapajani kwa bibi yake. Hakuna kelele, hakuna tundu, hakuna usingizi. Jeli ni ya baridi, basi. Unaweza hata kumwambia akunje kiwiko uone msuli ukijaribu. Mashine za namna hii utazikuta katika hospitali nyingi za wilaya, na bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya MRI.

Tatizo ni kitufe kimoja. Kijana mmoja ninayemhudumia alipigwa baisepsi mara mbili, miezi mitano katikati. Ripoti ya pili ikasema uharibifu umeongezeka sana. Nyumbani pakawa kama msibani. Bibi yake, ambaye ndiye anayemlea, alinijia asubuhi na mapema. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi," akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyelia usiku kucha. PUL ya kijana ilikuwa imeshuka alama moja tu kwa muda wote ule, kwa hiyo nilishuku. Nikaomba picha zenyewe, si maandishi. Kwenye ya pili kila kitu kilikuwa cheupe kupita kawaida, hata tabaka la mafuta chini yake ambalo kwa kawaida huwa jeusi. Aliyepiga mara ya pili alikuwa ameongeza mwangaza wa mashine, labda kwa ajili ya mgonjwa aliyetangulia, na akasahau kuurudisha. Msuli haukuwa umebadilika kiasi kile.

Ndiyo maana timu ya Nijmegen, Uholanzi, ambayo imefanya kazi nyingi ya kuugeuza weupe wa msuli kuwa namba, hufunga mipangilio yote ya mashine. Weupe unapimwa na kompyuta, kutoka 0 kwa nyeusi kabisa mpaka 255 kwa nyeupe kabisa, kisha unalinganishwa na watu wenye afya. Ulinganisho huo ni wa mashine ile, na mipangilio ile. Ukihamia mashine ya kampuni nyingine, namba zako za zamani hazina thamani. Pembe ya kifaa nayo ina athari: ukikiinamisha kidogo, sauti hairudi sawasawa na msuli unaonekana mweusi kuliko ulivyo. Ukikikandamiza, msuli mwembamba unakuwa mwembamba zaidi.

Ina mipaka ambayo hakuna ustadi utakaoivuka. Watoto wengi wanaotumia prednisoloni, dawa ya steroidi, hunenepa, na mafuta chini ya ngozi hunywa sauti kabla haijafika kwenye msuli. Msuli uliojificha kati ya bapa la bega na mbavu hauonekani vizuri. Na ugonjwa ukisonga, ultrasaundi huishiwa maneno. Msuli uliofika ngazi ya nne hauna pa kwenda tena, ilhali MRI bado inatofautisha asilimia 50 na asilimia 70.

Pamoja na hayo, huu ndio upande wangu. Ultrasaundi iliyopigwa mara nne, na mtu yuleyule, kwa mashine ileile, kitufe mahali palepale, inanisaidia kuliko MRI moja nzuri isiyo na ya pili ya kuilinganisha nayo. Familia ninazozijua zinaweza kurudi kwenye ultrasaundi. Kwenye MRI hazirudi.

CT na DEXA, kwa kifupi

CT, picha ya eksirei inayopigwa kwa vipande, inaonyesha mafuta na msuli vizuri, lakini kwa mionzi, na mtoto huyu ana miaka mingi ya kupigwa picha za mgongo na kifua mbele yake. Sina sababu ya kuipendekeza kwa mkono. DEXA, eksirei hafifu ya kupima mifupa na nyama, hupima jumla ya nyama isiyo mafuta katika mkono mzima na haitenganishi msuli mmoja na mwingine. Ina kazi yake nyingine muhimu, kupima mifupa ya mtoto anayetumia steroidi, na huko iende.

Ungelipia nini?

Inategemea ugonjwa umefikia wapi, bega, kiwiko au vidole, na unauliza nini.

Mtoto wa miaka 6 au 7 anayetembea, ugonjwa umejulikana juzi: usilipie picha yoyote ya mkono. Lipia kipimo cha jeni kama bado hakijafanyika, kwa sababu hakuna picha inayoweza kukwambia ni hitilafu gani, na baadhi ya dawa mpya zinachagua kwa hitilafu. Eteplirsen, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2016, inawafaa tu wenye hitilafu inayoweza kusahihishwa kwa kuruka eksoni ya 51, yaani kipande kimoja cha jeni. Anza PUL mapema tu, hata kama anapata karibu zote, upate pa kuanzia.

Aliye ukingoni, kati ya kutembea na kukaa, na hasa miaka michache ya kwanza kwenye kiti: hapa ndipo picha za mkono zina thamani, kwa sababu kiwiko kiko njiani kuondoka. Ultrasaundi ya deltoidi (msuli unaofunika bega), baisepsi na misuli ya kigasha, pamoja na PUL, kila miezi 6. Vipimo hivi viwili vikikubaliana, mnajua mlipo. Visipokubaliana ndipo inapopendeza. Nimeona alama za kiwiko zikishuka haraka huku baisepsi kwenye picha iko vilevile. Tulipopima kwa makini tukakuta kiwiko kimekaza, hakinyooki, na mkono umepoteza nafasi ya kuchota chakula. Huo haukuwa msuli kufa. Ulikuwa ukosefu wa kunyoosha na kukosa kifaa cha kuvaa usiku ili kiwiko kisikaze, mambo tunayoweza kuyashughulikia.

MRI ya mkono naipendekeza katika hali chache. Kama mtoto anaanza tiba mpya na daktari wake anataka kujua kama inafanya kazi, na picha ya mwaka wa pili imeshapangiwa fedha. Au ultrasaundi imefika ngazi ya nne na bado kuna uamuzi unaotegemea kujua kimebaki nini, kama vile aina ya kiti cha umeme na kijiti chake kikae wapi. Kama mnatarajia kuingia kwenye jaribio la dawa, subirini. Watapiga za kwao, kwa mbinu zao, bila malipo, na hawatazihitaji zenu.

Na kama familia ina fedha ya MRI moja tu, ninawaambia waipeleke kwenye moyo. Moyo nao ni msuli, nao unakosa distrofini, na unatakiwa kuangaliwa kila mwaka. Ekokadiografia, yaani ultrasaundi ya moyo, hutosha pale isipopatikana nyingine, lakini kifua cha kijana mwenye mgongo uliopinda mara nyingi hakimpi mpimaji dirisha zuri. MRI inauona.

Kwa aliyebakiwa na vidole peke yake, acheni kupiga picha. Pimeni nguvu ya kubana na kubofya, mkachague simu na kijiti kinachomfaa.

Niongeze neno kuhusu ugonjwa wa jirani, kwa sababu maoni yangu yanageuka. FSHD ni udhoofu wa misuli unaoshika uso, bapa la bega na mkono wa juu, mara nyingi kuanzia ujanani, kwa wanaume na wanawake. Wenyewe haufuati foleni. Baisepsi ya kulia inaweza kuwa imekwisha huku ya kushoto ina nguvu, na msuli mmoja ukawa mafuta matupu kando ya jirani yake aliye mzima. Hapo kupima msuli mmoja kwa ultrasaundi na kukisia mingine ni kubahatisha. Mtu huyu mara nyingi anaweza kulala chali na kuvumilia dakika 40. Kwake, MRI ya mabega yote mawili ni fedha iliyokwenda mahali pake, hasa kama anafikiria upasuaji wa kufunga bapa la bega kwenye mbavu, kwa sababu upasuaji huo hautamsaidia kuinua mkono kama deltoidi yenyewe imekwisha.

Kabla hujaingia chumba cha ultrasaundi

Nenda na kadi. Andika jina la mashine, namba ya mpangilio wa mwangaza, kina cha picha, mkono upi, na nani amepiga. Ukitaka baisepsi, pima kutoka ncha ya bega mpaka kwenye mkunjo wa kiwiko, kisha weka alama ya kalamu kwenye theluthi mbili ya urefu huo. Mtoto akae kiwiko kimelegea, kiganja kikitazama juu. Omba picha tatu za mahali hapo, jeli iwe nyingi, kifaa kisikandamizwe. Omba picha zenyewe kwenye diski au flashi, si karatasi peke yake. Mhudumu anaweza kukutazama vibaya mara ya kwanza. Mara ya tatu atakuwa anakuuliza kadi iko wapi.

Yule kijana wa mapaja tulimpiga ultrasaundi juma lililofuata. Baisepsi ya kulia ilikuwa ngazi ya tatu, mfupa unaonekana kwa mbali kama mashua kwenye ukungu. PUL yake ya kiwiko ilikuwa 9 kati ya 17. Nilimwambia mama yake, "Mama, tarehe sina, ila mkono bado upo, na kinachoanza kumshinda ni ule urefu kutoka sahani mpaka mdomoni." Seremala wa mtaani akaipandisha meza sentimita 12 na kuichimba ukingo wa mbele ili kiti kiingie na kiwiko kipate pa kuegemea. Mara ya mwisho nilipopita kwao alikuwa anakula wali kwa kijiko chepesi, mwenyewe, na kunilalamikia kwamba meza imekuwa ndefu kwa ajili ya karata.